Mtoto wa ADHD hapati usingizi? Tazameni saa ya dawa kwanza

Mhariri,

Mtoto mwenye ADHD, yaani hali ya kukosa umakini na utukutu uliozidi, akianza dawa kisha akakesha, lawama zote hukiangukia kidonge. Wazazi wengine hukiacha kimyakimya, wengine huomba dawa ya usingizi. Tunaona hatua zote mbili ni za pupa.

Watoto wengi wa aina hii hupata usingizi kwa shida hata kabla ya kumeza chochote. Kwa baadhi yao melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, huchelewa kupanda. Usipojua mtoto alikuwa akilala saa ngapi kabla ya dawa, utalinganisha na nini? Daftari la usingizi lianze wiki mbili kabla ya dozi ya kwanza: amepanda kitandani saa ngapi, amepitiwa na usingizi saa ngapi, ameamka saa ngapi.

Methilifenideti, dawa inayotumika sana kwa ADHD, ikiwa ya kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa 3 hadi 4. Ile inayotoka polepole, saa 8 hadi 12. Sasa pigeni hesabu. Kidonge cha saa 12 kikimezwa saa 4 asubuhi, saa 4 usiku ndiyo kwanza kinaisha. Kikimezwa saa 1 asubuhi, jioni kimeshamaliza kazi. Mara nyingi kuwahisha dozi kunatosha. Ila kisipondwe wala kutafunwa, maana dawa ya siku nzima itatoka kwa mkupuo.

Yuko pia anayetulia mchana kutwa, halafu jioni analia ovyo na hakai chini. Huyo dawa imemwishia, na utukutu umerudi kwa kishindo. Daktari anaweza hata kumwongezea dozi ndogo ya alasiri. Wazazi hushangaa, lakini wapo wanaolala vizuri zaidi kwa njia hiyo. Si jambo la kujijaribia nyumbani.

Anayekoroma kila usiku achunguzwe mafindofindo. Asiyetuliza miguu kitandani apimwe feritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Usingizi mbovu peke yake humwondolea mtoto umakini, na tusipoangalia tutampandishia dozi bure.

Kwa wale waliopewa klonidini ya usiku: inasinzisha kweli, lakini msiikatishe ghafla. Shinikizo la damu linaweza kupanda vibaya. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari.

Wafamasia wa dawa za watoto