Kabla hujachimba msingi wa nyumba ya Mama

Lamu, Jumapili usiku

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Mchoro wa nyumba ya Mama nimeupata, nimeupitia mara tatu. Mkono wako bado safi. Ila nimetafuta mahali Mama atakapokaa na mbuzi yake akune nazi, sikupaona.

Wiki nzima napima nyumba moja ya kale ya mawe hapa Mkomani. Jana mimi nimeshika tepu huku, mwenye nyumba ameshika kule: chumba kirefu, lakini upana haufiki mita 3. Sababu ni boriti. Mkoko una urefu wake, na dari ya mawe na chokaa ni nzito, fundi angeitanua ingemwangukia. Kwa hiyo mikoko ndiyo iliyokata kipimo, na watu wakapanga maisha kwa urefu, msana, yaani ukumbi mrefu mwembamba, mmoja nyuma ya mwingine hadi ndani. Mlangoni kuna daka, kibaraza cha kuingilia, baraza huku na huku. Nilikaa pale saa nzima. Mzee mmoja akatua kikapu chake, akajuliana hali na mwenyeji, akapumzika, akaenda zake, na huko ndani hakuna aliyelazimika hata kuvuta pazia. Huo ni usanifu, Zuhura, na aliyeufanya hakuandika jina popote.

Nimemkumbuka msanifu majengo Francis Kéré. Kwao Gando, Burkina Faso, alijenga shule ya msingi iliyokamilika 2001, kwa matofali ya udongo wa palepale uliotiwa saruji kidogo. Bati ameliinua juu ya dari, upepo unapita katikati na kuondoka na joto. Wanakijiji wenyewe walishiriki kujenga. Mwaka 2022 akapata tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya usanifu majengo, Mwafrika wa kwanza. Lakini yeye alianza na joto la darasani alilolijua tangu utotoni.

Basi nakuomba, nenda Tanga ukalale kwa Mama siku mbili. Tepu iache. Uone dirisha analofungua kwanza alfajiri, anapoanika mchele, mlango wanaoingilia majirani. Mimi ninavyokumbuka, baada ya alasiri alikuwa akitandika mkeka upande wa mashariki, kwenye kivuli cha ukuta. Hapo hapo wewe umeweka tangi la maji. Lisogeze, tafadhali.

Wako,
Mwanaisha