Kituo cha waifai kisiwekwe pale mtandao ulipokufa

Mheshimiwa Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye nyumba za Mji Mkongwe, na mafundi wenzangu, juu ya jambo linalomaliza pesa za watu.

Mimi ni fundi umeme, na miaka hii kazi yangu kubwa imekuwa kufunga waifai katika nyumba za mawe. Mwezi uliopita niliitwa Mkunazini, nyumba ya ghorofa tatu, kwa bi mkubwa mmoja ambaye mwanawe anaishi Muscat. Kila siku baada ya magharibi mama huyu huteremka ngazi, zile ngazi zetu nyembamba zilizosimama wima, mpaka chini iliko ruta, apate kuuona uso wa mwanawe kwenye simu. Akimaliza hupanda tena. "Mwanangu, magoti yamekataa," aliniambia. Na humo ndani mlikuwa na visanduku sita vya meshi, yaani vituo vinavyopokezana waifai ya ruta na kuisambaza nyumbani, vipya, vyote vinawaka taa.

Visanduku havikuwa vibovu. Aliyevifunga alitafuta vyumba ambavyo waifai haifiki, akaweka kimoja kila chumba. Wengi hufanya hivyo, maana mtu huona mahali penye giza ndipo pa kuweka taa. Lakini kituo cha meshi kisichofungwa waya hakina intaneti yake. Kinatoa kile tu kilichokipokea hewani kutoka kwa mwenzake. Ukikiweka chumba ambacho hata simu haipati kitu, nacho hakipati. Simu itaonyesha mistari yote kwa kuwa iko karibu nacho, lakini picha ya mtoto wa watu itaganda palepale.

Kituo cha pili kikae njiani, pale ambapo mawimbi bado yana nguvu. Mimi hutembea na simu yenye programu ya kupima. Nguvu ya mawimbi husomwa kwa namba hasi (dBm), na kadiri inavyoshuka ndivyo mawimbi yalivyo dhaifu. Ikisoma hasi 65 hivi, hapo ndipo pake. Ikishuka hadi hasi 75 nimeshapitiliza, narudi nyuma. Kazi hii ni ya nusu saa, na ifanywe kabla ya kununua chochote.

Kuta zetu nazo zina habari yake. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita na pengine zaidi, na masika hunywa maji. Masafa ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, humezwa humo. Ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi kidogo, lakini yana chaneli, yaani njia za mawimbi, tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na mtaa mzima unazigombania. Umbali ulioandikwa kwenye boksi usiutegemee katika nyumba kama hizi.

Lakini wazee waliozijenga walituachia njia. Nyumba nyingi zina ua katikati, ulio wazi toka chini hadi juu, na vyumba huufungukia kwa milango na madirisha. Waliuweka kwa ajili ya upepo na mwanga, na mawimbi hupita papo hapo. Kule Mkunazini niliitoa ruta nyuma ya kabati la kioo, maana kioo cha kujitazamia hurudisha mawimbi, nikaileta ukingoni mwa ua. Kituo kimoja nikakitundika ghorofa ya pili kikiuelekea ua huohuo, kingine juu karibu na mlango wa mama. Hicho cha juu nimekiunga na ruta kwa waya uliopanda uani sambamba na bomba la maji, bila kutoboa ukuta hata mmoja. Waya wa mtandao unaruhusiwa hadi mita 100, na huu haukufika 25. Kutoboa nakuogopa. Sote tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la hapa Mji Mkongwe, ilivyoporomoka Disemba 2020, na nyumba za umri ule zahitaji mkono wa huruma.

Waya nausisitiza kwa sababu hii: kituo chenye redio moja, yaani chombo kimoja cha kupokea na kutuma mawimbi, hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja. Kila kinapopokeza, kasi hupungua karibu nusu. Megabiti 20 zikipokezwa mara mbili hufika juu zikiwa tano hivi. Na vituo sita vilivyojazana chaneli moja hungojeana zamu. Ndiyo maana nilipoondoa vinne, mtandao uliongezeka kasi, na mama alidhani nimemnunulia kifurushi kingine.

Umeme ukikatika, ruta yenye betri peke yake haifai kitu kama kituo cha juu kimezimika. Kila kituo kipate betri yake ndogo. Na kwa nyumba zilizo karibu na bahari, Shangani na Malindi, vichwa vya waya vikaguliwe mara kwa mara, maana chumvi haiviachi.

Mafundi wenzangu, mkimaliza kazi mwachieni mwenye nyumba karatasi yenye mchoro wa vituo vilipo na neno la siri la kuingilia mipangilio. Mkunazini hakuna aliyelijua, ikabidi nianze upya kila nilichokibakisha.

Vile vinne nilivyoviondoa mama amevifunga kwenye mfuko, akavipeleka duka alilonunua, akaambiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Nawaomba wenye maduka ya vifaa hivi wamuulize mteja kwanza nyumba yake ina ghorofa ngapi na kama ina ua, wamuuzie viwili, na wampe wiki moja ya kujaribu kabla ya kumuuzia cha tatu.

Fundi umeme,
Malindi, Unguja