Dada, Uliizima Kabla Haijaisha

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba mvua za mwaka huu hazijalirudia lile paa la jikoni. Ninakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu huzipokei na ujumbe wangu unausoma bila kuujibu, lakini ninajua kwamba yale ninayoyaandika hapa hukufikia, kwa kuwa shemeji huyasoma kwa sauti mkiwa mezani. Basi leo ninamwomba asome polepole na asiruke mahali.

Ninataka tuizungumzie ile filamu uliyoizima sebuleni kwako. Tangu siku ile watu wa nyumbani wamekuwa wakisema kwamba tuligombana kwa sababu ya sinema, na ninyi mliokuwapo mnajua kwamba sinema ilikuwa kisa tu. Hata hivyo lazima nianze nayo, kwa sababu uliihukumu ikiwa katikati, na binti yako akaichukua hukumu ile kana kwamba ndiyo mwisho wa hadithi.

Filamu yenyewe ni Queen of Katwe, iliyotoka mwaka 2016, inayomhusu Phiona Mutesi, binti maskini wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyeinuka kwa mchezo wa chesi. Aliyeiongoza ni Mira Nair, mwanamke mzaliwa wa India ambaye Kampala ni kwake kwa miaka mingi, na ndiyo maana hakuutazama mtaa ule kwa macho ya mgeni anayeshangaa matope. Aliipiga picha Katwe kwenyewe, na sehemu nyingine Johannesburg. Wewe unaujua mtaa huo kwa masimulizi yangu ya miaka ile nilipokuwa nikifanya kazi Kampala: mafundi wanaochomelea milango na mageti kando ya barabara, sauti ya nyundo juu ya bati tangu alfajiri, na mvua ikinyesha, maji yanayopanda kutoka mitaroni hadi ndani ya vyumba vya watu. Nilipoyaona yote hayo kwenye kioo sikuwa na sababu ya kuuliza kama wametia chumvi. Hata wewe ulicheka ulipowasikia wakichanganya Kiganda, ukasema unaelewa bila kutafsiriwa, kwa kuwa Kihaya chetu hakiko mbali nacho. Nilifurahi sana uliposema vile. Nilidhani tumeanza vizuri.

Na hadithi ni ya kweli. Phiona Mutesi alifiwa na baba yake akiwa mdogo wa miaka mitatu hivi, akaacha shule kwa kukosa ada, akawa anauza mahindi mitaani ili nyumbani wapate kula. Alimfuata kaka yake Brian hadi kwenye kibanda ambamo Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto chesi, na kilichowavuta wengi wao mwanzoni ni kikombe cha uji, si mchezo. Mtu wa kwanza kumwelekeza namna kete zinavyokwenda alikuwa mtoto mwenzake, binti mdogo kuliko yeye. Unakumbuka mpwa wangu alivyojisogeza mbele ya televisheni pale yule mtoto anapomweleza Phiona kwamba askari, kete ndogo kuliko zote, akivuka ubao mzima hadi mstari wa mwisho anaweza kugeuka kuwa malkia? Nikuambie jambo ambalo sikupata nafasi ya kukuambia: yule binti aliyeigiza sehemu hiyo, Nikita Waligwa, alifariki mwezi Februari mwaka 2020 kwa uvimbe kwenye ubongo, akiwa na umri wa miaka 15. Mpwa wangu alilijua hilo kabla yangu. Ndiye aliyenieleza, na akaniomba nisikuambie kwa kuwa ungesema anawaza mambo ya watu wasiomhusu.

Dada, yule mtoto hakupewa mchezo huu na mimi. Nalisema hili wazi kwa sababu umewaambia shangazi na wengine kwamba mjomba wake ndiye aliyemwingiza. Nilipofika kwako likizo ile nilimkuta tayari ana ubao wake, kipande cha kadibodi alichokichora miraba kwa kalamu na rula, ile miraba myeusi ameijaza kwa wino wa bluu hadi kadibodi ikawa inang'aa. Kete zake zilikuwa vifuniko vya soda. Vya upande mmoja vililala kifudifudi na vya upande wa pili chali, na ndani ya kila kimoja, au juu yake, alikuwa ameandika herufi: M ya mfalme, F ya farasi, N ya ngome. Malkia, kwa kuwa M ilikwisha kutumika, alimwekea alama ya nyota. Mwalimu wao alikuwa amewaonyesha shuleni mara chache tu, akahamishwa, na mtoto akaendelea peke yake kwa kucheza pande zote mbili. Mimi nilichofanya ni kukaa sakafuni nikacheza naye, akanifunga, nikacheza tena, akanifunga tena. Ningewezaje kunyamaza baada ya hapo? Wewe ungenyamaza?

Nikaileta filamu. Sikumpa kwa siri wala sikumwonyesha kwenye simu akiwa chumbani. Niliiweka sebuleni, mbele yako, mbele ya shemeji na wageni wake, kwa sababu nilitaka muione pamoja, na zaidi ya wote nilitaka uione wewe. Ulikaa. Ulimpenda yule mama yake Phiona, Nakku Harriet, tangu alipotokea, na Lupita Nyong'o alimwigiza kwa namna ambayo hata wageni walinyamaza. Alipoiuza nguo yake ya thamani ili apatikane mafuta ya taa, binti yake apate mwanga wa kusomea usiku, nilikuona ukijifuta uso kwa ncha ya khanga. Kisha ikaja sehemu ile Phiona anaporudi kutoka Sudan na kombe, akiwa amepanda ndege na kulala kitanda chake peke yake, na sasa hawezi tena kuikalia nyumba ya kwao kwa utulivu. Mama anamlalamikia kocha kwamba mtoto wake amejazwa ndoto na hajui ataziweka wapi zisipotimia. Hapo ndipo ulipochukua rimoti ukazima.

Ukasema, "Huyu mama ndiye peke yake mwenye akili humo ndani." Ukamgeukia binti yako ukamwambia ainuke akaoshe vyombo. Hakulia. Aliokota vifuniko vyake kimoja kimoja kutoka kwenye mkeka, akavitia kwenye kopo la majani ya chai, akahakikisha kile chenye nyota kimeingia, akaenda jikoni. Mimi nilipokufuata mlangoni ukaniambia, na shemeji alisikia, "Wewe uliyesomeshwa kwa ndizi zangu usije kunifundisha kulea."

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Nimejaribu kuyasamehe nikashindwa, si kwa kuwa ni ya uongo, bali kwa kuwa ni ya kweli tupu na uliyatumia kunifunga mdomo. Ndiyo, nilisomeshwa kwa ndizi zako. Baba alipotuita wote wawili jioni ile akasema ada inamtosha mmoja, wewe ulinyanyuka kabla hajamaliza, ukasema nikasome mimi. Mkungu ulioubeba kichwani asubuhi iliyofuata niliuona, na njia nzima ya kwenda shule nilikuwa nyuma yako nikiutazama. Unadhani mtu aliyetazama kitu kile anaweza kumwona binti wa dada yake akiwekwa kando na bado akatulia? Kama nimekuwa king'ang'anizi katika jambo hili, ung'ang'anizi huo nimeupata kwako.

Nami sikatai kwamba Harriet alikuwa na akili. Hapo tunakubaliana kabisa, na ninaona watu wengi wanaoisifu filamu ile wanamkosea yule mama, wanamfanya kikwazo ambacho mtoto hana budi kukiruka. Hofu yake haikutoka hewani. Binti yake mkubwa, Night, alikwisha kumfuata mwanamume mwenye pikipiki, na mama aliyaona matokeo kwa macho yake. Kodi ya chumba ilikuwa inamdai kila siku. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba mtoto wake atasafiri nchi za mbali kwa ajili ya mchezo wa mezani, ana haki ya kuuliza: na asipofaulu, nani atakaa naye anapolia? Hilo ndilo swali lako pia, na ni swali zuri. Lakini Harriet aliliuliza kisha akasubiri jibu. Wewe uliuliza ukazima.

Basi nikusimulie yaliyobaki, kwa kuwa hukuyaona. Phiona anakwenda Urusi, kwenye Olimpiadi ya chesi ya mwaka 2010 katika mji wa Khanty-Mansiysk, kule Siberia, na huko anafungwa. Anafungwa sana, Dada, na watu waliofundishwa tangu utotoni kwa vitabu na walimu, na anarudi nyumbani akiwa amevunjika moyo kabisa. Lile uliloliogopa kwa niaba ya Harriet linatokea mbele ya macho ya mtazamaji, bila kufichwa. Na aliyekaa naye ni mama yake, na kocha wake, na wale watoto wa kibanda cha uji. Anaanza tena. Filamu inamalizika mama akipata nyumba, na mwishoni kabisa kila mwigizaji anasimama kando ya mtu halisi aliyemwigiza: Lupita na Harriet, Madina Nalwanga, binti wa Kampala aliyepatikana kwenye darasa la ngoma, pamoja na Phiona mwenyewe, David Oyelowo na Katende. Sehemu hiyo nilikuwa nimekusubirishia wewe. Nilitaka umwone yule mama akiwa amesimama pale, mzima, akitabasamu, ujue kwamba kukubali kwake hakukumpoteza binti yake.

Na nje ya filamu mambo yaliendelea. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Istanbul, Phiona na mwenzake Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha FIDE, shirikisho la chesi la dunia. Cheo hicho ni cha chini katika ngazi zake, sitakudanganya, na Phiona hakuwa bingwa wa dunia. Lakini baadaye alikwenda kusoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Northwest, jimbo la Washington, pamoja na Benjamin Mukumbya, mmoja wa wale wavulana wawili walioshinda naye kule Sudan mwaka 2009. Mtoto aliyeacha shule kwa kukosa ada alifika chuo kikuu. Mimi hicho ndicho ninachokiangalia. Kombe nalipenda, ila usiku silali kwa sababu ya shule.

Lipo jambo moja zaidi ninalolipenda kwa Katende, na hapa ninajisemea pia. Alikuwa mhandisi kwa masomo yake, angeweza kushika njia nyingine, na alijua vizuri kuliko mama yule kwamba mtoto ana kipaji. Hata hivyo hakumchukua mtoto juu ya kichwa cha mama. Alikwenda nyumbani, akaketi alipoketishwa, akaomba. Nami nilikuja, Dada. Nilipanda basi hadi kwako, nikakaa kwenye mkeka wako, nikaweka jambo lenyewe mezani mbele ya watu. Ungeniambia hapana, ningeliheshimu neno lako hata kama ningeumia. Hukuniambia hapana. Uliniambia mimi ni nani.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, tumelisikia tangu utotoni, na hakuna anayekunyang'anya kazi hiyo. Watoto wako wana nidhamu, wanasalimia, wanasali, wanakula walichopikiwa. Jirani zako wote wanalisema. Lakini binti yako amejifundisha kunyamaza pia, na nilipompigia mara ya mwisho kupitia simu ya kaka yake alinijibu kwa "ndiyo mjomba" na "hapana mjomba" tu, mtoto yule aliyekuwa akinieleza kwa pumzi moja kwa nini farasi ni hatari kuliko anavyoonekana. Nilimuuliza ubao uko wapi. Akasema upo. Sikumuuliza zaidi nisije nikamponza.

Sasa ninachokuomba ni hiki. Likizo ya Desemba, mruhusu aje kwangu. Kuna chama cha wachezaji hapa mjini ambacho huwapokea watoto Jumamosi asubuhi, wana ubao wa kweli na saa za kuhesabia muda, na mke wangu atakuwa naye muda wote. Atarudi kabla ya shule kufunguliwa, na ada yake ya mwaka ujao nimekwisha kuitenga, iwe anacheza au hachezi. Usije ukafikiri ninakununua. Ukipenda, njoo naye. Chumba kipo, na ile filamu ninayo bado, tunaweza kuianzia pale ulipoachia.

Nauli nitaituma kwa simu, kwa jina lako na si la mtu mwingine, ili atakayesema ndiyo au hapana awe wewe. Ukiona ni hapana, irudishe, nitakuelewa, ila safari hii naomba uniambie kwa mdomo wako.

Nisalimie shemeji, na umwambie ahsante kwa kusoma.

Mdogo wako