Mazoezi ya kesho: ule mstari wa wima |

Wanakikundi habari za jioni, wa Nkuhungu na Makulu wote nawasalimia. Kesho tunaanza na alama | (pipe), inayounganisha amri unazoandika kwenye terminal ya kompyuta, kwahiyo laptopu zije na chaji jamani. Kazi yake ni hivi, kile ambacho amri ya kwanza ingekimwaga kwenye skrini kinaingia moja kwa moja kwenye amri ya pili, hutengenezi faili la katikati halafu uanze kulifuta. Doug McIlroy wa Bell Labs aliitaka njia hii tangu 1964, mwenzake Ken Thompson akaiweka kwenye Unix (mfumo endeshi wa kompyuta) 1973, na hadi leo ndo tunakula nayo. Tutatumia faili la mfano la wakulima wa zabibu, tujue Hombolo wako wangapi, Mpunguzi wangapi:

cut -d, -f2 wakulima.csv | sort | uniq -c | sort -rn

Hapo cut inachukua safu ya pili (mahali), sort inapanga mistari, uniq -c inahesabu inayofanana, sort -rn inaweka yenye wengi juu. Hiyo sort ya kwanza msiiruke kabisa, uniq inalinganisha mistari iliyofuatana tu, ukiiruka Hombolo inajirudia huku na kule, hesabu mbovu na wala hupewi onyo. Ujumbe wa makosa nao haupiti humo, unabaki kwenye skrini, ukitaka upite weka 2>&1 kabla ya mstari. Wenye Windows wekeni WSL (inayowezesha amri za Linux ndani ya Windows) usiku huu, inakula bando so tafuteni waifai, ukikwama nipigie hata saa tano.