Barua ya wazi kwa Shangazi: mjukuu wako alikuamkia

Shikamoo Shangazi.

Naanza na salamu kwa kuwa ndiyo iliyotuharibia siku ile ukumbini. Ningekupigia, ila unajua mimi na simu. Naandika hapa ili na ndugu wengine wasome, maana walicheka.

Mjukuu wako alikuja mpaka ulipokaa, akasimama karibu na magoti yako, akasema, "Marahaba." Wewe hukuwa umetamka neno. Meza nzima ikaangua kicheko, nawe ukanitazama mimi, si yeye, ukauliza, "Huyu mtoto hafunzwi?"

Shangazi, alikuamkia. Kwa miaka saba ameona kwamba mtoto akimsogelea mtu mzima, mkono hushuka kichwani na pamoja na mkono huja neno: marahaba. Ameshika neno lenye mkono. Ndivyo anavyoshika maneno yote. Akiwa na kiu hasemi "nataka maji", hunijia akasema, "Unataka maji?" kwa sauti yangu kabisa, hadi mkwaruzo wangu wa asubuhi, kwa sababu maneno hayo ndiyo yanayokuja na kikombe. Daktari Leo Kanner, aliyeandika habari za watoto 11 wenye usonji (autism), hali aliyonayo mjukuu wako, kule Marekani mwaka 1943, aliliona hilihili: watoto wanaojiita "wewe". Kwetu kosa lote ni silabi moja, ni- imekuwa u-, na kwa silabi hiyo mtoto anaitwa jeuri.

Lakini sijaja kumtetea yeye peke yake.

Unanikumbuka nilipokuwa na miaka tisa, pale kwenu Magomeni? Ulinisifu kwa wageni: mtoto mpole, hana makuu, ukimweka hapa utamkuta hapahapa. Hukujua kwamba nikitoka dukani nilipita uchochoro wa nyuma, kwenye maji machafu, nisikutane na wazee watano wa barazani. Wazee watano ni shikamoo tano, na sikujua nianze na nani, nisubiri kila mmoja aitikie au niwaamkie kwa mkupuo. Nilikuwa nafanya mazoezi chooni. Siku moja ukaniona natokea uchochoroni ndala zimeloa, ukanichapa kwa kuchezea maji.

Na macho je? Wataalamu huuliza mapema kama mtoto anamtazama mtu machoni. Kwetu msichana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa ndiye aliyefunzwa akafunzika. Nimeishi ndani ya adabu hiyo zaidi ya miaka thelathini, na hakuna aliyenishtukia, hata mwenyewe.

Aliyenishtukia ni mume wangu. Daktari alikuwa anauliza habari za mtoto: anapanga vitu kwa mstari? Kuna nguo hataki kabisa? Mume wangu akawa anajibu, halafu akanyamaza, akageuka kunitazama. Chini ya baibui nilikuwa nimevaa blauzi nje-ndani kama kawaida yangu, mishono isiniguse. Nikauliza kama watu wazima nao hupimwa. Nikaambiwa, hapa tunaona watoto. Basi karatasi ya usonji anayo yeye, mimi sina.

Uliwahi kusema kwenye damu yetu mambo haya hayapo. Mwaka 1977 ulichapishwa utafiti wa jozi 21 za mapacha wa Uingereza, ukaonyesha kwamba damu ina sehemu kubwa katika hali hii. Ila tuwaache mapacha wa watu. Mkumbuke baba yako, fundi saa, aliyekula peke yake kwenye sahani isiyoguswa na mwingine, na ambaye kila palipokuwa na maulidi alipata kazi ya haraka dukani. Marehemu simwandikii cheti. Nakukumbusha tu nani aliyekulea.

Sasa wapo wanaoniambia: afadhali wewe, unamwelewa. Namwelewa, ndiyo. Najua lebo ya shati inamchoma kabla hajalia. Najua Kariakoo twende saa moja asubuhi au tusiende, na pantoni ya Kigamboni tuipande hata bila safari, kwa ajili ya ule mngurumo wa injini unaopanda kwenye nyayo. Pale tunakuwa watu wawili wenye raha kuliko wote Dar es Salaam.

Lakini kumwelewa hakujanipa masikio mengine. Akichoka anavuma kama friji, mmm mmm, saa nzima. Uvumaji huo ndio unaomtuliza yeye, na mimi unanikata kichwani kama msumeno. Nikimnyamazisha, namnyang'anya dawa yake. Nikimwacha, naungua mimi. Juzi umeme ulikatika, jenereta la jirani likaanza, naye akaanza, na mimi nikapiga ukelele ambao hata sijui ulitoka wapi. Akaziba masikio. Nami nikaziba yangu. Tukakaa sakafuni jikoni, kila mtu na viganja vyake masikioni, maharage yanaungua, hakuna wa kuinuka kuyaepua. Baba yake alipofika akasimama mlangoni na tochi ya simu. Mtoto akamwambia, kwa sauti ya baba yake mwenyewe, "Leo tunakula nini?"

Nilicheka, kisha nikalia bafuni gizani kama dakika ishirini. Hilo sikukuambia, kwa sababu najua ungesema nimwombee, au nimchape kidogo.

Yupo msomi wa Uingereza, Damian Milton, mwenye usonji na mwenye mtoto wa hali hiyohiyo, aliyeandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya watu kama sisi na watu kama ninyi kuna pande mbili. Wewe hukumwelewa mtoto, naye hakukuelewa. Lakini aliyeambiwa ajirekebishe ni mmoja tu. Naona hapo amesema kweli. Mimi nilijirekebisha mpaka nikawa mpole, na upole ule ulinigharimu.

Shangazi, dua nazipokea, ushauri nimeshiba. Ninachokuomba ni saa mbili za Jumamosi, nikae kimya na mtu asiniite.

Ukija, nitumie ujumbe kwanza, usigonge. Usimkumbatie, na udi uache nyumbani siku hiyo. Kaa kibarazani, umwage vizibo vya soda kwenye mkeka, usimwite, atakuja. Chapati usizigusishe na mchuzi. Akikuambia "Unataka chai?", ya kwake isiwe na maziwa. Pantoni ya saa tatu haina watu wengi.