Picha za tovuti ya gazeti zipunguzwe uzito kabla ya kuwekwa

Bwana Mhariri,

Ninaandika kuhusu uzito wa picha zinazowekwa kwenye tovuti ya gazeti lenu, kwa kuwa wengi wetu hapa Lubumbashi, kuanzia Katuba hadi Ruashi, tunalisoma kwenye simu na tunalipia kila mega (megabaiti) ya intaneti inayopita. Maandishi ya habari, hata yakiwa marefu, hayachukui zaidi ya kilobaiti chache. Kinachotumalizia mega ni picha iliyo juu yake, ambayo mara nyingi huwekwa vilevile ilivyotoka kwenye kamera.

Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli, yaani vinukta vya rangi vinavyoiunda, 4000 kwa 3000. Kwa kuwa rangi ya kila pikseli huhitaji baiti tatu, picha hiyo isipobanwa hufikia megabaiti 36. Muundo wa JPEG, yaani namna mojawapo ya kuhifadhi faili ya picha, uliopitishwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1992, huishusha hadi megabaiti chache kwa kuigawa katika viraba vya pikseli 8 kwa 8 na kuacha yale madogo ya rangi na mwanga ambayo jicho la binadamu huyatambua kwa shida. PNG, muundo mwingine uliotoka mwaka 1996, hubana bila kuacha chochote. Ndiyo maana picha ya umati wa watu sokoni ikihifadhiwa kwa PNG huweza kuwa nzito mara kadhaa kuliko ile ya JPEG, na msomaji asione tofauti. Ramani, mchoro au nembo yenye rangi chache, kinyume chake, hufaa kuwa PNG, kwani JPEG huacha ukungu kandokando ya mistari na herufi.

Kwenye tovuti yenu mambo haya yamepinduliwa: picha za mikutano huwekwa kwa PNG, na matangazo ya karatasi zilizopigwa picha hubanwa kwa JPEG mpaka majina hayasomeki. Matangazo hayo, kwa maoni yangu, yangepigwa chapa upya kama maandishi ya kawaida, maana hakuna muundo wa picha unaoyashinda maandishi kwa wepesi. Mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye orodha ana haki ya kulisoma bila kununua mega nyingine.

Kabla hata ya kubadili muundo, anayeshughulikia picha apunguze vipimo vyake. Picha ya pikseli 1200 kwa 900 inatosha kabisa kwa kioo cha simu, nayo ina chini ya sehemu moja ya kumi ya pikseli za ile ya awali. Baada ya hapo aihifadhi kwa JPEG, au kwa WebP, ambayo Google iliitangaza mwaka 2010 na kueleza kwamba, ubora ukiwa sawa, huwa ndogo kuliko JPEG kwa asilimia 25 hadi 34. Programu ya GIMP, isiyolipiwa, hufanya kazi yote hiyo. Ila asidhani kwamba kuandika herufi nyingine mwishoni mwa jina la faili ni kuibadili: kilichomo ndani hubaki kilekile. Wala JPEG iliyokwisha kuharibika hairudi kuwa safi kwa kugeuzwa PNG. Itaongezeka uzito tu, na madoa yake yatabaki palepale.

Kuna jambo jingine linalonihangaisha zaidi ya gharama. Faili inayotoka kwenye simu huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa vipimo vya ramani. Mtu aliyehojiwa nyumbani kwake kwa masharti ya kutotajwa huweza kutambulikana kwa njia hiyo, hata kama uso wake umefichwa. Taarifa hizo zifutwe wakati uleule picha inapobadilishwa muundo, na mhakikishe zimetoka, kwa sababu si kila programu huzifuta yenyewe.

Faili halisi zitunzwe kando bila kuguswa, kwa kuwa JPEG hupoteza kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa tena. Isitoshe, picha ya upana wa sentimita 15 kwenye karatasi, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, huhitaji takriban pikseli 1770 kwa upana, kwa hiyo nakala nyepesi ya tovuti isipelekwe kwa mpiga chapa.

Msomaji wenu,
Kampemba, Lubumbashi