Vitambulisho vya kielektroniki kwa waokoaji

Mhariri,

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, Zimamoto, wanajeshi, Msalaba Mwekundu na raia wa kawaida walifukua kifusi bega kwa bega. Katika hali kama ile, askari anayelinda utepe wa kuzuia watu wasiingie eneo la ajali hana budi kuamini kizibao cha rangi kali, ambacho yeyote anaweza kukinunua (hapo hapo Kariakoo, bila shaka).

Marekani, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Rais George W. Bush aliagiza mwaka 2004 watumishi wa serikali kuu wawe na kadi ya aina moja yenye chipu, inayohifadhi alama za vidole na kufunguliwa kwa namba ya siri, na baadaye mfumo huo ukajaribiwa kwa waokoaji wa majimbo.

Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kinaeleza mtu ni nani, si kwamba ni daktari wa dharura au mzamiaji. Naiomba Idara ya Menejimenti ya Maafa ifikirie kadi inayobeba taaluma na tarehe ya kuisha kwa leseni, yenye kusomeka hata pasipo mtandao, kwa kuwa umeme na minara ya simu ndivyo vinavyotangulia kuzimika.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam